Riwaya Ambazo Mtoto Hafi

Jumatatu, 2 Juni

Basi Yusta kakichukua kitabu. Kile cha kijani, jalada limebanduka, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Nimempa kwa mkono wangu. Nikamwambia soma hiki kwanza, mwanangu, vingine baadaye. Mtoto anachukuliwa na mto, utalia, utalia tena, halafu mwishoni kabisa mvuvi anamkuta kang'ang'ania mzizi. Mzima. Anamfunga shuka anampeleka kwa mamaye. Mwisho huwa sisemi, ni dhambi kumwambia mtu mwisho wa riwaya. Ila huyu nimemwambia. Sasa hivi hana moyo wa kusubiri.

Kazika mtoto Kwaresima. Mchanga, wa kunyonya. Watu wanasema afadhali alikuwa bado mdogo. Watu wanasema upuuzi mwingi.

Ni mke wa kijana wa jirani, nyumba ya bati jekundu hapa Chanji. Siku hizi hasemi. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Mi sijui kusoma, kila mtu anajua. Vitabu navijua kwa sikio, na kwa sura. Hiki kimeungua pembe, hiki kina doa la chai, hiki panya walikianza wakakiacha. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori. Anapeleka mahindi Mbeya, anapeleka Tunduma, anarudi na riwaya. Wenzangu waume zao walirudi na mengine. Jioni mimi napukuchua mahindi au nachambua maharage, yeye anasoma kwa sauti. Ndoa yetu yote ilikuwa hivyo. Sasa kiharusi kimemchukua mkono na mdomo. Kalala chumba cha pili. Akitaka kitu anagonga kikombe cha bati kwenye chuma cha kitanda. Ndiyo maneno yake yaliyobaki.

Simu hii kaniachia mjukuu wangu Neema alivyorudi chuoni. Bibi, kasema, unapenda kuongea na Babu hajibu. Bonyeza hapa penye wekundu, itashika sauti yako, uanze na tarehe, useme ya moyoni. Hakuna atakayesikiliza. Tarehe naipata redioni. Ya moyoni ninayo mengi.

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Upepo wa Ufipa mwezi huu hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mfupa.

Nimepukuchua mahindi peke yangu siku nzima. Zamani kazi hii nilikuwa siioni, mikono inakwenda, masikio yako kwa Mzee. Leo nimeona kila punje. Kimya kinachosha kuliko gunia.

Mzee kala uji kidogo. Kanitazama sana.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka misa nikapitia Katandala, dukani kwa Fortunata. Huyu ni fundi cherehani. Kila Jumapili wanawake tunakaa kwake kwenye vitambaa vyake tunapeana riwaya. Wao wanasoma. Mimi nasema nani asome nini, maana zote nimeshasikia, nyingine mara tatu. Wananiita daktari. Mgonjwa anakuja, natoa dawa.

Leo nimesema mpaka koo likauka. Nimesema aliye na mgonjwa ndani achukue kilichoungua pembe, cha mpelelezi mwenye pumu. Mpelelezi hawezi kumkimbiza mtu, akikimbia pumzi inakata, kwa hiyo lazima awaze. Yule aliyemuua mfanyabiashara wa chumvi anamkamata akiwa amekaa kwenye kiti. Ukikesha na mgonjwa kitabu hiki hakikuachi usinzie, na ukikatishwa ukaenda kumgeuza, ukirudi unakumbuka ulipoishia. Ndiyo sifa ya upelelezi mzuri.

Cha mapenzi, chenye doa la chai. Binti msusi wa mikeka na mlinda geti wa reli. Hicho nimesema kisisomwe jikoni. Mimi mwenyewe niliunguza ugali kwa kusikiliza tu, je, anayesoma?

Cha kutisha ni cha mtu anayeuza radi. Nikasema huyu aliyeandika kaja kwetu Ufipa kuulizia bei, si tunasemwa kwa radi. Mama Kulwa akadakia pale pale. Mama Kulwa ni Msukuma, walikuja na ng'ombe zao tangu watoto wao wakiwa wadogo, sasa ana maneno kuliko ng'ombe.

"Si kuulizia, bibi. Nyie Wafipa ndio mlimkopesha radi ya kuanzia mtaji."

"Na wewe nakupa cha kuchekesha," nikamwambia, "cha mwenyekiti wa kijiji aliyenunua jeneza kwa sababu bei ilishuka, akakosa pa kuliweka, akahifadhia mahindi. Ukisoma utamwona mumeo. Hawezi kuona bei imeshuka akapita."

"Mume wangu atahifadhia ndama."

Tukacheka mpaka mtu wa dukani jirani akachungulia.

Halafu kile kikubwa, cha vita vya zamani. Nacho nakipenda kuliko vyote. Watu wanakimbia wavamizi, mwanamke kaficha mbegu za ulezi kwenye nywele, kazisukia ndani. Ana mtoto mgongoni. Njaa inawakuta njiani, anafumua msuko mmoja, wanatafuna, anafumua wa pili. Wanafika nchi mpya kabakiza msuko mmoja. Anaupanda. Mtoto anakua anakula ulezi wa kwanza. Mzee aliponisomea hicho nilienda shambani Kasense kesho yake nikashika ulezi nikaubusu. Nikawaambia, mwenye kukata tamaa asome hicho.

Nikasema na lile ninalolisema siku zote. Waandishi wa riwaya ni watu wa huruma. Wanaua mwizi, wanaua tajiri, wanaua mpaka mfalme. Mtoto hawaui. Riwaya zote nilizosikia, mtoto hafi.

Fortunata akainamia cherehani. Akashona mahali palipokwisha kushonwa. Nimeliona hilo, sikulijali.

Jumanne, 10 Juni

Yusta kanirudishia kitabu. Hakukaa. Hata shikamoo haikutoka vizuri.

Kakiweka kwenye mkeka juu ya mahindi.

"Bibi, mimi nilikukosea nini?"

Sikuelewa. Nikauliza umemaliza?

"Nimemaliza. Kafa. Wamemkuta siku ya pili, kafa. Wewe ukaniambia mzima."

Nikamwambia hukusoma vizuri. Nikamwambia nyie watoto wa siku hizi mnaruka kurasa. Rudi usome, mvuvi yupo, mzizi upo. Akasema mvuvi yupo, bibi. Mzizi upo. Mtoto ndiye hayupo.

Kaondoka. Kanga inaburuta chini.

Nina hasira. Miaka yote hii nasikia kitabu hiki, mtu mmoja anakuja kunibadilishia. Nimekifungua mwenyewe nikakitazama. Sisimizi. Safu kwa safu za sisimizi. Sijawahi kuona aibu ya kutosoma, leo nimeona.

Jumatano, 11 Juni

Nimepanda bodaboda na vitabu viwili kwenye kikapu, cha kijani na kile kikubwa cha vita. Nimempa Fortunata cha kijani. Nikamwambia soma mwisho, kwa sauti.

"Bibi, tuache. Kunywa chai kwanza."

"Soma."

Kasoma. Mvuvi kamkuta mtoto kwenye mzizi. Kamfunga shuka mpaka usoni. Kampeleka kwa mamaye, na mama kutoka mbali kaona jinsi mvuvi anavyotembea, polepole, akajua.

Yusta hakuruka kurasa.

Nikatoa cha vita. Fortunata akasema hicho hapana. Nikasema soma. Akaanza kulia kabla hajafungua, basi nikajua. Mwanamke wa mbegu hakufumua msuko hata mmoja njiani. Kakataa kugusa mbegu. Mtoto kamfia mgongoni, katembea naye siku nzima hajui. Ulezi wa kwanza aliupanda juu ya kaburi.

Niliubusu ulezi kwa ajili ya kitabu kile.

Fortunata kaniambia alivisoma mwaka jana, wengine bado. Alidhani nimesahau mwisho kwa uzee. Halafu aliponisikia kila Jumapili, mtoto hafi, mtoto hafi, akaogopa kunisahihisha mbele za watu.

"Ningeanzaje, bibi?"

Kweli. Angeanzaje.

Nimerudi kwa miguu mpaka Chanji. Sikutaka kushikilia mgongo wa mtu.

Alhamisi, 12 Juni

Sijaongea na Mzee. Nimemlisha, nimemgeuza, nimembadilishia shuka. Kagonga kikombe, hana anachotaka. Nimeingia, nimetoka.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwuliza. Nimekaa kwenye ukingo wa kitanda na cha kijani mapajani. Ulinidanganya vingapi? Vyote au nusu? Yule mpelelezi mwenye pumu, naye ulimtunga? Mpaka watu wananiita daktari, kumbe nagawa dawa ambayo haimo kwenye chupa. Nimemwambia umeniaibisha. Nimemwambia umemuumiza mtoto wa watu aliyetoka kuzika.

Mtu hana mdomo, namwuliza maswali. Ukatili gani huo.

Kageuza uso ukutani. Jicho zima likatoa chozi, lile jingine halitoi tena.

Nimetoka nikaenda kupukuchua. Mikono inakwenda. Ndipo nikakumbuka taa.

Tulikuwa na taa ya chemli. Mzee anasoma, anasoma, halafu anasimama. Subiri nipandishe utambi, anasema. Utambi wenyewe hauna tatizo. Anaushusha, anaupandisha, anafuta kioo kwa kitambaa, anakohoa. Mimi namharakisha, soma bwana, mtoto yuko kwenye maji! Yeye anafuta kioo. Halafu anarudi kwenye kitabu, na mtoto anatoka majini.

Kila mara. Utambi, halafu mtoto anatoka majini. Mimi na masikio yangu makubwa sikusikia.

Sasa lazima niseme la Felista.

Felista ndiye wa kwanza wetu. Mimi nilikuwa Mama Felista, yeye Baba Felista. Surua ilimchukua wakati tumeshamshonea sare ya shule, haijavaliwa. Tukamzika Kasense, kando ya shamba. Watu wakaanza kuniita Mama Oswadi, jina la mdogo wake, kwa wema wao, nisisikie jina la marehemu kila nikisalimiwa. Mzee naye akawa Baba Oswadi. Hivyo Felista akaondoka mpaka kwenye majina yetu.

Msimu mzima wa mvua sikusema na mtu. Na Mzee hakusoma. Sanduku la vitabu lilikaa chini ya kitanda. Halafu tulipovuna, jioni moja napukuchua, akavuta sanduku, akatoa cha kijani, akaanza. Sikumwomba. Mtoto akaanguka mtoni, nikaacha mahindi. Nikamwambia usisome. Akasema subiri, nipandishe utambi.

Mtoto akapona. Jioni ile nikala ugali. Ukoo mzima ulikuwa umeshindwa kunilisha.

Leo nimeelewa na jingine, hilo ndilo limenivunja. Ili abadilishe, ilimpasa ajue. Ilimpasa asome kwanza peke yake. Kule Tunduma, kwenye foleni ya malori, ndani ya lori, na Felista wake yuko chini ya udongo Kasense. Alisoma kila mtoto akifa. Wote. Peke yake. Halafu akaendesha mpaka nyumbani akiwatafutia mahali pa kuponea.

Mimi nililia na nani? Nililia na yeye. Yeye alilia na nani?

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda Katandala. Ningewaambia nini?

Mchana Yusta kaja. Nikajua kaja kunimalizia. Shikamoo yake leo imekaa vizuri. Kakaa kwenye mkeka, kavuta gunzi la mahindi, kaanza kupukuchua bila kuambiwa. Nikamwomba msamaha. Nikamweleza yote, taa, lori, Felista. Akapukuchua mpaka mahindi yakajaa ungo.

Halafu akaniomba cha kijani.

Nikamwuliza cha nini tena, mwanangu?

"Yule mama wa kwenye kitabu," akasema, "analia kurasa na kurasa, bibi. Hakuna anayemwambia basi. Mimi nililia matanga yakaanuliwa, nikaambiwa basi, utazaa mwingine. Juzi nilikasirika. Halafu usiku nikasema, yule mama nimemwacha peke yake. Nataka nirudi."

Nikawaza. Nilidhani najua dawa. Mzee naye alidhani. Mwingine anapona kwa mtoto kutoka majini, mwingine anapona kwa kupata mtu wa kulia naye. Utajuaje nani ni yupi? Hujui. Unatoa tu kitabu.

Nikamwambia nisomee mimi. Cha kweli. Chote, kuanzia pale anapoanguka.

Akanisomea. Anasoma polepole, kidole kwenye mstari, sauti haina mbwembwe za Mzee. Hakuna utambi. Alipofika kwa mvuvi sikumzuia. Nimelia ya Felista. Nilikuwa sijaimaliza, kumbe. Ilikuwa imenisubiri mle ndani ya kitabu, miaka yote, ukurasa mmoja tu mbele ya pale Mzee alipokuwa ananifungia.

Na yeye kalia ya kwake. Kuku wamekula mahindi mengi leo.

Jumatano, 18 Juni

Oswadi kaja jana na daktari. Wamekaa chumbani, wametoka. Oswadi kaniambia uani, anatazama kuku. Moyo umechoka, mama. Hakuna cha kumpeleka hospitali. Apate joto, awe na watu wake.

Sawa.

Nimeingia kwa Mzee. Ananitazama kwa lile jicho. Mtu wa kukaa naye maisha yote, unajua anachouliza.

Nimevuta sanduku. Nikatoa kitabu, sikuangalia kipi, nikakifungua katikati. Labda nilikishika kichwa chini. Nikamsomea. Nikasema palikuwa na dereva mmoja wa lori, mtu wa Ufipa, akashikwa na ugonjwa mwezi wa baridi. Akalala. Mkono haunyanyuki, mdomo hausemi. Madaktari wakaja.

Hapo nikasimama. Kilichofuata nakijua. Nikaenda dirishani nikavuta pazia, nikalirudisha, nikalivuta. Pazia halina tatizo. Nikakohoa.

Nikarudi. Nikasema madaktari wakasema atapona. Baridi ikaisha, akaamka, akatembea mwenyewe mpaka Kasense kuangalia ulezi.

Upande wake mmoja wa mdomo ukacheka. Kajua. Kajua tangu pazia. Yeye ndiye mwalimu wangu.

Nikamwambia asante, Baba Felista. Tangu msimu ule sikuwahi kumwita hivyo. Kanishika kidole, hajakiachia mpaka usingizi ukamchukua.

Sasa niko jikoni, jua linashuka, uji uko motoni. Nawaza Jumapili nitawaambia nini kule kwa Fortunata. Nitawaambia hivi. Cha mpelelezi, chukueni kama nilivyosema, Fortunata kanihakikishia kwa simu pumu ni ya kweli. Cha jeneza, chekeni. Cha mapenzi, angalieni ugali. Ila cha kijani na kile cha mbegu, hivyo vina mwisho wa kitabu na mwisho wa Mzee. Wa kitabu mtausoma wenyewe. Wa Mzee mje kwangu niwasimulie, maana haujaandikwa popote, na mimi nikiondoka nao...

Kagonga kikombe.

Polepole, siyo kwa nguvu yake ya siku zote. Naenda.